Idhini ya Jimbo na Amri ya Dola: Bangi katika Sheria za Marekani

Mtu aliyetimiza umri wa miaka 21 akiingia katika duka lenye leseni mjini Denver, akaonyesha kitambulisho, akanunua bangi yake na kutoka nayo mchana kweupe, huwa hakuhalifu sheria yoyote ya jimbo la Colorado; ilhali kwa kitendo kile kile amekwisha kuihalifu sheria ya Serikali Kuu ya Marekani ya mwaka 1970, iliyoiharimisha bangi na kuiweka daraja moja na heroini.

Asili ya jambo hili ni muundo wa dola yenyewe, ambamo kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake na polisi wake, wala haliwezi kushurutishwa kuwatumia polisi hao kutekeleza amri za Serikali Kuu. California ilitangulia mwaka 1996, wananchi wake walipopiga kura kumruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa shauri la tabibu. Kisha mwaka 2012 majimbo ya Colorado na Washington yakaihalalisha hata kwa starehe. Walakini Mahakama Kuu ya nchi, katika shauri la mgonjwa mmoja wa California aitwaye Angel Raich, ilikata hukumu mwaka 2005, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba hata bangi iliyopandwa nyumbani kwa ajili ya tiba, isiyouzwa wala kuvuka mpaka wa jimbo, imo chini ya mamlaka ya Serikali Kuu. Ikiwa basi serikali hiyo kwa kawaida haiwaandami watumiaji wadogo, hilo ni hiari yake, si haki yao.

Wanaodhurika zaidi ni wageni, miongoni mwao Waswahili wenzetu kutoka Kongo na Afrika Mashariki, kwa kuwa uhamiaji uko mikononi mwa Serikali Kuu peke yake. Asiye raia akikiri tu mbele ya ofisa kwamba aliivuta, ijapokuwa hakushitakiwa popote, yamkini akazuiliwa kuingia nchini au akanyimwa uraia. Na mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilibainisha kwamba idhini ya jimbo si udhuru, na kwamba hata ajira katika biashara hiyo yaweza kutia dosari sifa ya mwenendo mwema. Naona ni dhuluma kumwadhibu mtu kwa kazi ambayo jimbo lenyewe limeitoza kodi, lakini madhali sheria ndiyo hiyo, ndugu msomaji, mjulishe jamaa yako aliye huko asiiguse. Na kama amekwisha kuitumia, amwendee wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote au kusafiri nje ya nchi.