Visima vya Mwanza kwenye mazoezi ya programu

Mazoezi ya kuandika programu kwenye intaneti yana utaratibu mmoja wa msingi: mtandao hutoa swali, mwanafunzi huandika programu ya kulijibu, kisha seva huipima papo hapo. Codeforces, iliyoanzia Urusi mwaka 2010, na LeetCode ya Marekani hutoa maswali mafupi ya kupima mbinu. Kaggle na Zindi, hii ya pili ikiwa imeanzishwa Afrika Kusini mwaka 2018, hutoa data na kumtaka mshiriki abashiri.

Aina ya kwanza hufunza kuhesabu gharama ya wazo. Tuseme kuna orodha ya uzito wa magunia 100,000 ya dagaa yaliyopita soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, na swali linataka magunia mawili ambayo uzito wake ukijumlishwa unatimia kilo fulani kamili. Anayeanza atalinganisha kila gunia na kila jingine. Hiyo ni milinganisho karibu bilioni 5. Kompyuta inayofanya milioni 100 kwa sekunde itahitaji sekunde 50, na seva kwa kawaida husubiri moja au mbili tu kabla ya kuikataa programu. Orodha ikipangwa kwanza kutoka jepesi hadi zito, mtu anaweza kuanza na gunia la kwanza na la mwisho, akasogea katikati hatua kwa hatua: jumla ikipungua anasogeza upande mwepesi, ikizidi anasogeza upande mzito. Kazi nzima inashuka hadi hatua zisizofika milioni 2. Tofauti hiyo haionekani kwenye magunia 20, ndiyo maana programu inayofanya kazi nyumbani hukwama kwenye mtihani.

Aina ya pili inamfaa zaidi mkazi wa kanda ya ziwa, kwa kuwa mojawapo ya mazoezi mashuhuri duniani ya kubashiri kwa data linahusu maji ya Tanzania. Liliwekwa na DrivenData ya Marekani, kwa data zilizokusanywa na jukwaa liitwalo Taarifa pamoja na Wizara ya Maji. Halina tuzo ya fedha. Mshiriki hupewa vituo 59,400 vya kuchotea maji, kila kimoja na maelezo yake: aina ya pampu, chanzo, wingi wa maji, mahali kilipo. Vituo 32,259 vinafanya kazi, 22,824 vimekufa, na 4,317 vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo. Kisha anabashiri hali ya vituo vingine 14,850 ambavyo majibu yake yamefichwa. Vituo zaidi ya 10,000 kati ya vile vya kujifunzia vimo katika bonde la Ziwa Victoria, na Mkoa wa Mwanza peke yake una zaidi ya 3,000.

Hapo ndipo ujuzi wa mahali unapozidi ujuzi wa kompyuta. Mistari 1,812 ya data hizo ina longitudo sifuri, na ni ya mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Ikichorwa kwenye ramani jinsi ilivyo, visima vya Wasukuma vinaelea katika Ghuba ya Guinea, upande wa pili wa Afrika. Sifuri hiyo haina maana ya mahali. Ni pengo lililojazwa na mashine. Vivyo hivyo, mwaka wa ujenzi ni sifuri kwenye mistari zaidi ya 20,000. Programu haishtuki: itajifunza kwamba kisima kilichojengwa mwaka sifuri kina tabia fulani, na itaendelea. Tiba ya kawaida ni kuweka wastani wa wilaya husika, baada ya kuziondoa sifuri zenyewe kwenye hesabu ya wastani, jambo ambalo wengi husahau.

Orodha ya mikoa nayo ina mtego. Iko 21 tu, na Geita ni wilaya ndani ya Mwanza, kama ilivyokuwa kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012. Majina ya vituo ni ya Kiswahili: Shuleni, Zahanati, Msikitini, Bombani, Kwa Mzee fulani. Mshiriki wa ng'ambo huyaona kama herufi tupu na huitupa safu nzima. Anayeielewa lugha anaweza kuunda safu mpya inayotenga kituo cha taasisi na kile cha uani kwa mtu, kisha akapima kama inasaidia.

Alama zenyewe zisomwe kwa tahadhari. Anayejibu kila mara kwamba kituo kinafanya kazi hupata asilimia 54 bila kufikiri. Mbinu ya miti mingi ya maamuzi, inayopatikana bure katika lugha ya Python, humfikisha mshiriki karibu 80, na walio kileleni hawajapita mbali na 82. Ila programu yenye 80 inaweza kuvikosa vingi kati ya vituo vinavyohitaji matengenezo, kwa sababu ni asilimia 7 tu ya data na havina uzito mkubwa kwenye alama. Kwa fundi wa pampu Misungwi au Kwimba, hivyo ndivyo vyenye thamani kuliko vyote: spana na vipuri vichache vinatosha kuviokoa.

Kwa upande wa gharama, zoezi hili halimwelemei mwanafunzi. Faili zake ni ndogo, hupakuliwa mara moja, na kazi yote hufanyika bila bando hadi wakati wa kutuma majibu. Udhaifu wake ni umri: sehemu kubwa ya data iliandikwa kati ya 2011 na 2013, kabla ya wakala wa RUWASA kuundwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini. Alama nzuri leo inaeleza hali ya vituo vya wakati ule.