Maziwa Hayasafishi Mapafu

Kiangazi kikishika, kati ya Juni na Oktoba, misafara ya pikipiki kubwa hupita Babati. Kuna waliotoka Nairobi wakielekea Cape Town, kuna wanaopanda kwenda Cairo. Wakibaki kwenye lami ya Dodoma hadi Arusha, vumbi haliwasumbui sana. Lakini wengi huchepuka waione Mbulu, wafike Haydom, kisha washuke kwa Basotu hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,417. Huko, mahali ambapo lami haijafika na mashamba ya ngano yameshavunwa yakabaki wazi, pikipiki moja tu inatosha kumfunika anayefuata asiione hata taa ya mwenzake.

Wakifika kwangu huniuliza: "Daktari, tunywe maziwa kiasi gani ili vumbi litoke kifuani?" Hawaulizi kama yanasaidia, wanauliza kipimo tu. Vijana wa bodaboda wa Katesh huuliza hivyohivyo, na wachimbaji wa Mererani, na mafundi wa kuchomelea. Nimelijibu swali hili mpaka uvumilivu umeniisha, kwa hiyo leo naliandika: hakuna kipimo, kwa sababu maziwa hayafiki kwenye mapafu.

Unapomeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa na kinywaji hupita kwenye umio hadi tumboni. Huko humeng'enywa kama chakula kingine chochote. Maziwa yakikosea njia yakaingia kwenye mapafu, utapaliwa, na yakiwa mengi yanaweza kukuletea nimonia. Waendesha pikipiki walielewe hili kuliko watu wote. Vumbi likiziba ea klina ya pikipiki yako, humwagi kitu kwenye tangi la mafuta ukitegemea chujio lisafike. Njia ya mafuta ni nyingine na njia ya hewa ni nyingine. Kifua chako nacho ni hivyohivyo.

"Lakini daktari, nikinywa nasikia nafuu." Nafuu ipo, na ni ya koo. Koo lililokauka kwa upepo wa kutwa hulainika kwa kitu chochote cha majimaji, maji ya kawaida yakiwemo. "Na asubuhi natema makohozi meusi." Ungeyatema hata kama ulilala na njaa. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kwenye ute wa njia za hewa. Vinyweleo vidogo mno husukuma ute huo kwenda juu usiku kucha, na kazi hiyo kwa kawaida hukamilika ndani ya siku moja. Mwili umefanya kazi, maziwa yamepewa sifa.

Zinazonitisha ni chembe zisizoonekana. Zilizo chini ya maikromita 10 hupita koo. Zile za chini ya 2.5 hufika kwenye vifuko vya hewa, mahali pasipo na vinyweleo, na huko zinaweza kukaa miezi. Vumbi lenye silika, la miaka mingi, huacha makovu yasiyofutika. Mererani, hapa hapa mkoani Manyara, kuna wachimbaji wanaougua silikosisi na kifua kikuu kwa pamoja. Kama maziwa yangesafisha mapafu, mkoa huu wa wafugaji usingekuwa na mgonjwa hata mmoja wa aina hiyo. Imani yenyewe si ya kwetu peke yetu: sheria ya kazi ya Urusi hadi leo inaagiza wafanyakazi wa mazingira hatari wapewe maziwa. Kuandikwa kwenye sheria hakujayafungulia njia ya kuingia kwenye mapafu.

Ningenyamaza kama kosa lingeishia kwenye kupoteza hela. Haliishii hapo. Msafara husimama kando ya njia, mtu anatoa kibuyu au dumu, na watu wanakunywa maziwa mabichi yakiwa bado na joto la ng'ombe. Ugonjwa wa brusela upo kaskazini mwa Tanzania, na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe vimepatikana kwa wagonjwa wa huku. Kugandisha maziwa hakuviui kwa uhakika, kuchemsha kunaviua. Mtu amejikinga na vumbi kwa dawa isiyokuwepo, akajiletea homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maungo yanayouma. Akishapatikana na brusela, matibabu yake kwa kawaida ni wiki 6 za dawa mbili kwa pamoja.

Sasa yanayosaidia. Achianeni nafasi mpaka vumbi la aliyetangulia litulie, hata kama ni dakika nzima, na mkubaliane mahali pa kusubiriana kabla ya kuondoka, kwa sababu anayeogopa kuachwa ndiye anayekimbilia ndani ya vumbi. Upepo ukitoka ubavuni, kaa upande unakotokea, bila kuvuka upande wako wa barabara. Vaa barakoa ya N95 iliyobana uso, ndevu huivujisha. Leso iliyoloweshwa huzuia mchanga, chembe ndogo zinapita. Usiku safisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiifungie kwenye begi la nyuma. Anayebanwa kifua, anayepiga miluzi akipumua au kutema damu asiendelee na safari: hospitali ya Haydom ipo, na za wilaya zipo. Kikohozi cha wiki 2 kipimwe kifua kikuu.

Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni yaliyochemka. Na kama mlishakunywa mabichi, homa ikawashika mwezi mmoja baadaye mkiwa Lusaka au Cape Town na kipimo cha malaria kikawa safi, mwambieni daktari wa huko mlikunywa nini na wapi, kwa sababu bila kuambiwa huenda asiwaze kupima brusela.