ABS haiongezi ushikaji wa tairi lililoisha

Magari mengi ya mtumba yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani huja na breki za ABS, na madereva husifu kwamba gari la aina hiyo “linashika papo hapo”. Mimi sifa hiyo hunitia wasiwasi.

Ukikanyaga breki za kawaida kwa nguvu, magurudumu hukwama na tairi huanza kuteleza. Tairi linaloteleza halitii usukani: unakata kushoto, gari linakwenda mbele tu. ABS, ambayo Bosch waliiingiza sokoni kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, husoma mwendo wa magurudumu. Gurudumu likikaribia kukwama, mtambo huilegeza breki na kuikaza tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kwa hivyo unafunga breki na bado unaweza kuikwepa tuktuk iliyosimama ghafla mbele yako. Faida kubwa ni hiyo.

Kwenye lami yenye maji, mara nyingi gari husimama mapema kidogo pia. Mchangani mambo hugeuka. Gurudumu lililokwama hujichimbia na kurundika mchanga mbele yake, na rundo hilo husaidia kulizuia gari. ABS hailiachi gurudumu likwame, basi rundo halipatikani na gari husonga mbali zaidi. Ukiacha lami ya Malindi ukaingia barabara za vumbi za Magarini au Ganze, acha nafasi kubwa zaidi kati yako na gari la mbele.

Halafu kuna mazoea ya kupampu breki, waliyofundishwa madereva wa zamani, na kwa magari yao yalikuwa sahihi kabisa. Kwenye ABS, kupampu ni kuuvuruga mtambo. Kanyaga kwa nguvu na usiachie, hata pedeli ikitetemeka mguuni kana kwamba kuna kitu kimevunjika chini. Hakijavunjika; ndiyo kazi yenyewe.

Tairi lililoisha kashata ABS haiwezi kulisaidia. Wala haiupunguzi muda wa dereva kushtuka: kwa kilomita 80 kwa saa, gari hupita takriban mita 22 kila sekunde kabla mguu haujagusa pedeli.

Taa ya manjano ya ABS ikibaki inawaka, kwa kawaida breki bado zipo, ila magurudumu yanaweza kukwama kama ya gari la zamani, mwone fundi. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, egesha hapo hapo.