Kitanda Kisichohama

Wewe ambaye mume yuko machimboni Geita na wewe uko Dar, au mke kaenda kusoma Dodoma umebaki Mbeya na watoto, ukurasa huu ni wako. Na nyie mnaolala kitanda kimoja kila siku lakini kila mtu kageukia simu yake, someni tu, msiruke.

Krismasi iliyopita nilitangulia ukweni Kiwira, mume wangu angefuata akipata ruhusa kazini. Si unajua Kiwira? Ukitoka Uyole unapanda, unateremka, baridi inaanza kukung'ata, halafu unaona ndizi na viazi vimepangwa kandokando ya barabara ya kwenda Tukuyu na Kyela. Mvua ya Rungwe haiombi radhi. Ilinyesha siku nne mfululizo, umeme ukakatika, simu ikaisha chaji. Nikabaki na bibi mzaa baba wa mume wangu, moto wa jikoni, na kitabu kimoja kwenye begi: Odyssey.

Msikimbie jamani! Ni kweli ni utenzi wa Kigiriki wenye umri wa zaidi ya miaka 2,600, sehemu 24, mistari zaidi ya 12,000, unaosemekana ni wa mtu anayeitwa Homer. Chuoni tulitajiwa jina tu tukajibu mtihani. Safari hii nilikuwa na tafsiri ya Kiingereza ya Emily Wilson ya mwaka 2017, inasomeka kama mtu anakusimulia. Kumbe ni habari ya ndoa. Mwanaume anakwenda vitani Troy, vita miaka 10, njia ya kurudi miaka 10 mingine. Mke, Penelope, yuko nyumbani Ithaca na mtoto aliyeachwa mchanga.

Bibi huniita mke mwenzie, kwa utani wa kwetu. Akaniuliza, "Mke mwenzangu, unacheka nini peke yako?" Nikaanza kumsomea, naigeuza kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu mapenzi. "Huyo mwanamke nani alikuwa anamlimia?" Nikamwambia ana watumishi. Akaguna.

Sanda ya baba mkwe

Wanaume 108 wamejazana kwa Penelope, wanakula ng'ombe na nguruwe wake, kila mmoja anataka kumwoa. Anawaambia subirini nimalize kufuma sanda ya baba mkwe, Laertes. Mchana anafuma, usiku anafumua. Miaka mitatu aliwachezea hivyo mpaka mtumishi wake mmoja akamchoma.

Hapo bibi alicheka mpaka akakohoa. Zamani Unyakyusa mke hakutakiwa kabisa kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani unajificha. "Mimi kumfumia mkwe sanda? Lakini ana akili huyo. Jambo la ukweni hakuna mwanaume wa kuligusa."

Tulipofika kwa Calypso mambo yakabadilika. Odysseus alikaa kwake miaka saba. Kabla ya hapo mwaka mzima kwa Circe. Kitabu kinasema alikuwa akilia ufukweni akiitamani kwao, sawa, lakini usiku analala wapi? Penelope angefanya hivyo hata wiki moja, utenzi ungekuwa mwingine. Mimi hapo sikumsamehe Homer, na bado sijamsamehe.

Bibi alinyamaza, akasukuma kuni. Kisha akaniambia jambo ambalo hata mume wangu halijui vizuri.

Miaka ya 1930 wanaume wa Rungwe walikwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu. Miaka ya 1950 wengi wakachukuliwa kwenda migodi ya Afrika Kusini na shirika la WNLA, ambalo huku watu waliliita Wenela. Babu aliondoka 1959. Tanganyika ilipopata uhuru ajira ile ikasitishwa, wenzake wakarudi, yeye hapana. Alirudi 1964, na blanketi mbili na baiskeli.

"Nilimpikia, akala, tukalala," bibi akasema. "Sikuuliza. Nilikuja kumwuliza siku ya mazishi, udongo umeshawekwa."

Niambie sasa

Basi nikamsomea sehemu ya 23. Penelope hamwamini mwanaume aliyesimama mbele yake. Anamwagiza mtumishi akitoe nje kile kitanda amtandikie mgeni. Odysseus anawaka: nani amekihamisha? Alikichonga mwenyewe, mguu mmoja ni kisiki cha mzeituni chenye mizizi ardhini. Siri hiyo wanaijua wao, na mtumishi mmoja. Hapo ndipo mama wa watu anamkumbatia.

Watu wengi wanaishia hapo kwa sababu ni patamu. Lakini endelea mistari michache. Kabla hawajaingia chumbani Odysseus anasema bado kuna safari nyingine, ila tulale kwanza. Penelope anakataa: kama nitaijua baadaye, niambie sasa. Naye anasema. Atabeba kasia atembee bara mpaka akutane na watu wasioijua bahari, wadhani kasia ni chombo cha kupepetea nafaka.

"Aje hapa," bibi akasema. "Tutadhani ni mwiko wa pombe. Ila asipitie Kyela, kule wana ziwa, watalijua."

Nilicheka, ila nilikuwa na langu. Mume wangu alikuwa ameongeza mkataba wa kazi miaka miwili zaidi, Oktoba. Mimi nilisikia kwa shemeji, Desemba mwanzoni, kwa bahati tu. Kila akipiga simu tunaongea ada za shule na fundi wa paa. Nilikaa na lile jambo wiki tatu, nikijiambia nisiharibu sikukuu.

Tarehe 24 jioni alishuka kwenye basi, ameloa. Bibi alikuwa ameshaweka ndizi motoni, akaninong'oneza, "Mwache ale kwanza." Kisha akanitazama, akainuka akatoka nje na mvua yote ile, eti anaangalia kuku.

Akaweka begi chini. Nikamwambia, "Kabla hujala, niambie habari za mkataba."

Alivua viatu kwanza, kimoja kimoja, akavisogeza karibu na moto. Halafu akaanza na Oktoba.