Pijo Kuukuu ya Masimba

Anayetaka kununua gari Masimba hivi leo hana haja ya kuchagua, kwani soko zima limekwisha kumchagulia: ni Probox. Gari hilo la Toyota, lililotoka Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ndilo linalobeba abiria, ndizi, magunia ya mahindi na maharusi kati ya Kisii na Keroka. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba sisi, familia ya watu wa Mombasa ambayo kazi ya ualimu imeileta katika nyanda hizi za Gusii, tumenunua Peugeot 504 isiyowaka, majirani walitudhania mojawapo ya mambo mawili: ama tumepungukiwa na fedha, ama tumepungukiwa na akili. La kwanza lilikuwa na ukweli wake. La pili ndilo linalotufanya tuandike makala haya, kwa sababu jamaa zetu wa pwani, hasa akina mama wanaoshika hesabu za nyumba, wametuuliza mara nyingi kama jambo lenyewe lina maana.

Pijo, kama tuitavyo sote, haikuwa daima gari la kuchekwa. Wazee wetu wanaikumbuka 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968; na katika ushindi huo, ule wa 1966 na wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho wa mashindano yalikuwa saba tu, mengine yote yakabaki matopeni. Ndugu yake, 504, ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa gari bora la mwaka 1969 huko Ulaya, nayo ikashinda Safari mwaka 1975 na tena 1978. Ile ya bodi ndefu, yenye safu tatu za viti, ndiyo iliyokuwa teksi ya safari za mbali. Watu wa Gusii walikwenda nayo Nairobi, nasi tulikwenda nayo Malindi. Iliunganishwa hapa hapa Kenya hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya Ulaya kuiacha.

Kilichoishusha hadhi si ubovu. Inakunywa petroli kuliko vijigari vya sasa, ni ndefu kuegesha, na tangu magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika bandarini petu, kijana anayetaka kuheshimiwa hawezi kuonekana ndani yake. Isitoshe, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Pijo zilizobaki nchini ndizo hizo hizo, zimelala nyuma ya nyumba za watu, chini ya miti.

Sababu yetu ilikuwa bi mkubwa. Anaishi nasi, magoti yake yamechoka, na kila mwezi hana budi kwenda hospitali ya rufaa mjini Kisii. Kumpandisha bodaboda katika milima hii ni ukatili, na katika teksi za hapa abiria hubanwa hata anayekaa pembeni asijue mguu upi ni wake. Tulikuwa na akiba ya shilingi 150,000 na hakuna zaidi. Kwa fedha hizo hupati Probox nzima. Njia ipitwayo na wengi ni mkopo ambao logibuku ya gari huwekwa rehani na riba ikazaana mwezi hata mwezi. Kwetu mlango huo ulikuwa umefungwa kabla hatujashika kalamu. Benki zinazofuata sharia zimo nchini tangu 2008, na murabaha ni halali, lakini hata murabaha ni deni, nalo hudai kila mwezi, mwezi wa karo ukiwemo. Gari bovu, kinyume chake, lina subira. Mwezi usio na fedha, hulali na njaa kwa ajili yake; unalifunika turubai, ukangoja.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu, Mwadventista kama walivyo wengi wa watu wa hapa, aliyeliendesha miaka mingi kwa abiria kabla ya kuliegesha chini ya mparachichi. Namba zake ni za kabla ya mfululizo wa KAA. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Tulipofika alitukaribisha chai, na tulipotaka kuingia katika maneno ya bei alitukatiza kwa upole: "Mwalimu, kabla hujaniuliza bei, niulize ugonjwa." Kisha akautaja mmoja baada ya mwingine. Silinda ya tatu ilikuwa ikila oili. Maji ya radieta yalipungua pasipo kuonekana yanakovujia. Sakafu chini ya miguu ya dereva ilikuwa imeoza, akaliinua zulia mwenyewe ili tuione ardhi. Gia ya pili ilikuwa ngumu kuingia gari likiwa baridi. Tulikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, na hapa alikuwapo mzee asiyekuwa wa dini yetu akiigeuza nafaka yake mwenyewe, ya chini ikawa juu.

Hata hivyo injini isiyowaka ni kitu kisichojulikana, na kununua kisichojulikana ni jambo ambalo fiqhi yetu ina maneno nalo. Tuliomba hiari ya sharti, yaani haki ya kurudisha mali katika muda uliopatanwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata watu wa pwani, muda huo hauzidi siku tatu. Tulimweleza mzee, akasikiliza, akasema ni desturi nzuri, akauliza tu kama Jumamosi imo ndani yake, maana Sabato hafanyi biashara. Tukapatana Jumapili, muda ukaisha Jumatano. Tuliandika karatasi yenye sahihi za pande zote: fundi atakuja kuifungua injini, tukikataa gari, gharama ya kuifunga tena ni juu yetu, tukilikubali, aibu alizozitaja hatutazirudia kuzilalamikia. Mzee alikuwa ameomba 160,000. Jumatatu fundi kutoka mjini alikinyanyua kichwa cha injini, akaikuta gasketi imeungua na silinda ya tatu imechanika mistari, lakini bloku ilikuwa nzima. Jumatano tukakata shauri kwa 125,000, na vijana wakalisukuma gari hadi kwetu, mteremko ukisaidia.

Hapa yafaa tueleze kwa nini gari hili, katika magari yote makuukuu, linakubali kutengenezwa nyumbani. Silinda za injini yake ya petroli si sehemu ya bloku. Ni mabomba manne ya chuma yaliyopachikwa ndani yake, maji yakiyazunguka kwa nje. Yakilika, huchomolewa na kupachikwa mapya pamoja na pistoni zake, na bloku haiendi kuchongwa kwenye mashine. Vali zake huendeshwa kwa mnyororo badala ya ukanda wa mpira unaokatika ghafla. Petroli hupita kwenye kabureta, chombo unachoweza kukifungua mezani, ukakiosha na kukirudisha. Hamna kompyuta ya kuulizwa. Ukiinua boneti unaiona injini, na pembeni yake kuna nafasi ya mkono mzima kuingia, mkono wa mtu mzima wenye spana.

Silinda mpya na pistoni zilipatikana Nairobi, katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, zikaletwa kwa basi kama kifurushi cha nguo. Kuzipachika kuna siri yake. Kila silinda ikikaa mahali pake sharti ichomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kisichozidi unene wa karatasi. Ikizama, gasketi haitabana na maji yataingia mwako. Ikizidi, kichwa hakitakaa sawa. Urefu huo hurekebishwa kwa pete nyembamba za chini. Fundi wetu, mtu hodari lakini mwenye macho ya miaka sitini, alihitaji mtu wa kuyasoma yale mabamba membamba ya kupimia nafasi. Binti yetu wa kidato cha pili akajitolea. Mara ya kwanza fundi alipima tena nyuma yake, akanyamaza. Mara ya pili akapima tena. Kwa silinda ya tatu alimwuliza tu, "Dada, ngapi?" akaandika alichoambiwa. Tuliwaona majirani wa kike wakisimama ugani wakitazama, na mmoja wao baadaye alimleta bintiye atazame pia.

Kazi ilifanyika baada ya Alasiri na siku za Jumamosi, kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Jambo ambalo hakuna fundi atakayekuambia ni hili la udhu. Grisi hukaa chini ya kucha na katika mikunjo ya vidole, nayo huzuia maji yasifike kwenye ngozi. Rangi nyeusi iliyobaki ngozini haina neno, bali utando wenyewe sharti uondoke. Tulijaribu mafuta ya taa, yakatuchubua. Kilichofaa ni sukari iliyochanganywa na sabuni ya maji, ikasuguliwa mikono ikiwa mikavu bado, kisha ikasuuzwa. Kazi husimama nusu saa kabla ya Magharibi, hata kama imebaki nati moja. Fundi alishangaa siku za mwanzo; baadaye yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha, kwa kuwa naye alipenda kufika kwake mapema.

Daftari lilishikwa na mama wa nyumba, na tunadhani gari limesimama kwa daftari hilo kama lilivyosimama kwa injini. Hakuna kipuri kilichochukuliwa kwa deni. Mwezi wa karo gari halikupata hata bolti. Breki zilitangulia, na rangi hadi leo haijapata zamu. Pijo yetu bado ina ule weupe wake uliofifia kama kanzu iliyofuliwa mno. Injini ilitumia 46,000, breki na matairi manne 38,000, kushona bati la sakafu 12,000, na radieta, nyaya na betri 16,000. Jumla ni 112,000, ukiongeza bei ya kununulia inakuwa 237,000. Kwa mwenye haraka fedha hizo zingekuwa malipo ya kwanza ya gari la mkopo. Kwetu ni gari zima na logibuku iliyo huru.

Hatumshauri kila mtu. Mwenye kutegemea gari kwa biashara ya wiki ijayo asinunue kitu kinachotaka miezi, na nyumba ambayo mke na mume hawajakubaliana kwa kauli moja isianze, kwa maana chuma kilicholala ugani ni ugomvi wa kila siku. Lakini kwa anayetafuta, mahali gari lilipoishi ni muhimu kuliko umri wake. Gari la Mombasa limeliwa na chumvi ya hewa: litazame sakafu, vizingiti vya milango na mahali jeki inapokaa, ukidunga kwa bisibisi bila huruma, mahali panapobonyea si pa kupakwa rangi, ni pa kukatwa. Gari la Gusii halina chumvi, ila limekaa na matope ya mvua za karibu mwaka mzima, nayo huozesha palipojificha, na milima imelichosha klachi, breki na gia za chini. Linganisha namba ya chesisi na ile ya logibuku kwa macho yako, kisha uhamishaji wa umiliki ufanywe NTSA siku ile ile fedha zinapotoka.

Na kuna jambo moja kubwa zaidi. Gari kuukuu mara nyingi ni gari la marehemu. Kijana atakuuzia Pijo ya baba yake kwa moyo mweupe, na huku ana mama, dada na wadogo wenye mafungu yao ndani ya bampa lile lile. Dada ndiye asahauliwaye kwanza. Ikiwa mirathi haijagawanywa, kwa Waislamu mahali pake ni mahakama ya Kadhi, na mnunuzi angoje warithi wote waridhie. Tuliwahi kuonyeshwa gari zuri kuliko hili letu, huku huku Gusii, la bei ya chini zaidi. Tulipouliza dada wa muuzaji wako wapi, aliona swali hilo ni la kimbea. Tuliondoka.

Sasa bi mkubwa huenda Kisii kila mwezi, amekaa safu ya pili, mguu umenyooshwa, tasbihi mkononi. Springi za Pijo ni laini, na mashimo ya barabara yanamfikia yakiwa yamepungua nguvu. Mzee aliyetuuzia alilisikia likipita siku ya soko, akatupungia fimbo. Likizo ya Desemba, inshaallah, tunalishusha Mombasa. Kabureta tumeitega kwa hewa nyepesi ya huku, maana mji wa Kisii peke yake uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari nasi tuko juu yake. Kule chini itabidi kuitega upya, la sivyo injini itachemka kwa kukosa petroli ya kutosha. Viti vya safu ya tatu bado havijarudishwa garini. Vimo ukumbini vikingoja mshoni wa viti, na wageni wanavipenda kuliko makochi.