Alikataa, Kisha Akatia Sahihi

Nilikwenda Islii, Nairobi, kutafuta kitambaa cha pazia, nikarudi na neno moja kichwani.

Duka lenyewe ni la jumla, ghorofani, si mbali na Jam Street. Majora yamepangwa hadi dari. Nikisubiri risiti, macho yakaangukia kaunta buku lililoachwa wazi mezani. Halikuwa la mauzo. Lilichorwa safu nne kwa rula: tarehe, barua, jina, sahihi. Katika safu ya mwisho, mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kalamu ameikandamiza hadi karatasi ikakaribia kutoboka: NIMEKATAA. Chini yake tarehe. Chini ya tarehe, saa nne na robo. Na chini kabisa sahihi yake, safi, yenye mkia mrefu uliovuka mstari na kuingia katika safu ya jirani.

Mama anayesimamia wafanyakazi aliniona nikikodoa, akacheka. Barua ile, alieleza, ilikuwa onyo la pili la kuchelewa kazini. Kijana wa stoo alikuwa ameambiwa na wenzake wa mikokoteni kwamba ukisaini umekiri. Basi akaisukuma ile karatasi kama mtu anayerudisha chai iliyopoa. Mama akamsogezea kitabu aandike mwenyewe kwamba amekataa, naye akaandika kwa moyo mmoja, hata saa hakuisahau! Kwa mama huyu, hakuna ushahidi bora wa kwamba barua ilimfikia.

Si wote wanaomrahisishia hivyo. Wengine huaga kwenda msalani wasirudi hadi jioni. Yeye hagombani nao. Humwita mfanyakazi mmoja awe shahidi, akaisoma barua kwa sauti, akaifafanua kwa Kiswahili. Asiyekishika vizuri hutafutiwa wa kumweleza kwa Kisomali au Kioromo. Kisha huandika pembeni kwamba fulani amesomewa na amekataa kupokea, shahidi akatia sahihi. Nakala moja huenda kwenye faili, picha yake kwenye simu ya mhusika. Aliyetoroka kazini hutumiwa kwa rejista ya posta. Siku hizi, juu ya nafasi ya sahihi, amechapisha kwamba sahihi ni ya kupokea tu, si ya kukubali kosa. Wakaidi wamepungua, anasema, ila hawajaisha.

Kazi ngumu zaidi ni kumtuliza tajiri wake. Yeye hutaka mkaidi afukuzwe papo hapo, kwa hoja kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu kumwachisha anayekaidi amri halali. Mama humkumbusha kifungu cha 41: mtu aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mwenzake aliyemchagua akiwepo, na wote wawili wasikilizwe. Mahakama ya Rufaa ilizihesabu nguzo hizo moja baada ya nyingine mwaka 2019, katika kesi iliyolihusu Shirika la Posta, wapelekaji barua wenyewe. Anayeziruka anaweza kulipishwa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kukataa karatasi, kwa hesabu ya mama, si kukataa kazi.

Nilivutiwa na subira yake, lakini sikutoka pale nikiwa nimetulia. Barua alizonionyesha zote zilikuwa za Kiingereza. Na huyo shahidi? Anakula mchana sahani moja na mkosaji, kisha anaitwa ofisini kumwekea mwenzake sahihi. Yeye akikataa je, naye ataandikiwa barua? Na nani atakuwa shahidi wa hiyo?

Nilimuuliza. Alilifunga kaunta buku, akauliza kama pazia langu ni la dirisha moja au mawili.

Kitambaa kikaletwa kutoka stoo, na risiti juu yake. Ilikuwa imesainiwa tayari, mkia mrefu ukipita hadi kwenye jumla ya bei.