Tawakali ya Msafiri: Jamaa za Wamisheni katika Ziwa Tanganyika
(Makala ya Nne)

Wasomaji waliofuata makala hizi tangu mwanzo wanajua ya kuwa nilikusudia juma hili kuendelea na habari za mmisheni Krapf na kaburi la mkewe pale Mombasa. Lakini tangazo lililosomwa makanisani hapa Salamabila, la kwamba mwinjilisti mmoja wa kwetu, pamoja na mkewe na watoto wao wanne, wanajiandaa kuhamia Mpulungu katika nchi ya Zambia, kuwahubiria wavuvi na wachuuzi wa pwani ya kusini ya ziwa Tanganyika, limenilazimu kuiacha Mombasa na kurudi nyumbani Maniema. Furaha niliyoipata sikuweza kuificha, kwa maana muda mrefu nimekuwa nikisema, kwa aliyetaka kusikia na kwa asiyetaka, ya kuwa nchi iliyopokea wamisheni tangu zama za babu zetu haina budi nayo kutuma. Lakini baada ya ibada, watu walipokuwa wakiagana uani, nilisikia neno likisemwa na kuitikiwa: kwamba mtu wa imani hahesabu, yeye huondoka tu, na Mwenyezi Mungu atamlisha njiani. Neno hilo lina sura ya ucha Mungu, nami nalipinga kwa moyo wangu wote.

Tuanze hapa hapa petu. Tangu katikati ya mwaka 1870 hata Februari 1871 Daktari Livingstone alikaa Bambare, ndiyo Kabambare yetu, miguu yake imeliwa na vidonda hata kusimama ni taabu, na katika watu aliotoka nao alikuwa amebakiwa na watatu tu, Susi, Chuma na Gardner, ambao wahubiri wetu huwasahau ilhali bila wao asingalikuwa na wa kumtekea maji wala wa kumpikia. Aliandika baadaye ya kuwa katika nchi ya Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Habari hii hupendwa sana mimbarani, nami naipenda, kwa kuwa inaonyesha roho iliyotulia katika shida. Lakini aghalabu habari ya jamaa yake huachwa. Mwaka 1850 alimchukua mkewe Mary, aliyekuwa mja mzito, pamoja na watoto wao, akavuka nao jangwa la Kalahari hadi ziwa Ngami. Mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya safari hiyo hakuishi ila kama majuma sita. Mwaka 1852 akawapakia wote katika meli huko Cape Town, wakaenda Uingereza, na kule Mary aliishi miaka ya dhiki, akihama nyumba hii kwenda ile, bila fungu la kumtosha na bila kujua mumewe yu wapi. Walipokutana tena haikuwa kwa muda mrefu: alikufa kwa homa, akazikwa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Mtu aliyelala Kabambare akisoma Zaburi alikuwa mjane. Sisemi kwamba Livingstone hakuwa na imani. Imani alikuwa nayo kubwa kuliko yangu na yako. Nasema ya kuwa tawakali ya mume haimtoshi mke ambaye hakuulizwa, wala haimtoshi mtoto ambaye hawezi kuulizwa.

Sasa nije kwa watu ambao habari zao sichoki kuzisoma. Chama cha Misheni cha London kilipotuma watu wake wa kwanza kwenda ziwa Tanganyika, mwaka 1877, mkuu wao Roger Price, aliyezoea magari ya ng'ombe ya kusini mwa Afrika, aliona kwamba magari yale yangepunguza gharama ya wapagazi. Mbung'o wakawaua ng'ombe kabla ya safari kufika mbali, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu kama ilivyokuwa desturi tangu kale. Msafara ulifika Ujiji Agosti 1878, na kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu hapo wawili katika wale wa kwanza, Thomson na Dodgshun, walikuwa wamezikwa huko. Na Daktari Mullens, katibu wa chama, aliyefunga safari kutoka London ili ayatengeneze mambo kwa macho yake mwenyewe, alifia njiani karibu na Mpwapwa mwaka 1879. Aliyebaki na kudumu alikuwa nahodha, Edward Coode Hore. Mtu huyu alikuwa mwenye kusali, lakini alikuwa pia mwenye kupima: alilizunguka ziwa kwa mashua, akalipiga ramani, akaandika bandari zake na pepo zake, na ng'ambo yetu wenzake wakafungua kituo Mtowa, pale pale ilipokuwa ikiishia njia ya misafara ya kutoka Kasongo na Kabambare.

Hore alipotaka kumleta mkewe, Annie, na mtoto wao mdogo Jack, hakusema kwamba Mungu ataona. Jaribio la awali la kumfikisha ziwani halikufaulu, na mke huyo, badala ya kukata tamaa au kudai muujiza, alingoja. Mwaka 1884 wakaondoka tena pwani, wakiwa na kiti chenye magurudumu, cha namna wanachosukumiwa wagonjwa Ulaya. Njia ya bara wakati ule haikuwa pana kuliko nyayo za mtu mmoja, magurudumu hayakufaa kitu. Basi kiti kikafungwa mtini, wapagazi wakakichukua mabegani, nyika kwa nyika, mto kwa mto, mpaka Ujiji, ambako walifika Januari 1885. Mwaka uliofuata Annie akatoa kitabu juu ya safari ile. Wakakaa katika kisiwa cha Kavala, upande wetu wa ziwa, kaskazini ya Kalemie ya leo, na Annie akawakusanya wasichana wa kisiwa akawafundisha. Waliondoka mwaka 1888. Naitafakari mara kwa mara jamaa hii: kiti kilichobadilishwa njiani bila fadhaa, mwanamke aliyejua anakwenda wapi na kwa nini, na wale wanaume waliombeba, ambao ndio waliozichukua misheni zote za ziwa kwa mabega yao, wakalipwa kwa vitambaa.

Wala mtu asiniambie kwamba hayo ni ya Wazungu wenye mali. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kuja Mboga katika nchi yetu mwaka 1896, akapigwa, akafungwa, akarudi, na alipokufa mwaka 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kinyume cha desturi ya kwao. Kanisa la Anglikana la nchi yetu, ambalo dayosisi yake iko mpaka Kindu, limetokana na mguu wake. Lakini nyuma yake palikuwa na kanisa la Uganda, ambalo askofu wake Tucker alishikilia kwamba walimu wake walishwe kwa sadaka za waumini wa pale pale, si kwa fedha za London. Na Waganda, ambao hawakuwa matajiri, walitoa vitambaa, simbi na ndizi. Nilivyosema katika makala ya pili narudia bila kuona haya: kanisa linaloimba siku ya kumuaga mtume wake, kisha likafumba mkono, halikutuma mtu, limemfukuza kwa heshima.

Basi jamaa yetu ya Mpulungu. Nilikwenda kuwasalimu, nikamkuta mama amekaa juu ya sanduku la bati, daftari la shule magotini. Upande wa kushoto ameandika haja zao: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za homa ya manjano, vyandarua, sufuria kubwa, nauli ya kushuka Lulimba mpaka ziwani, na pasipoti, ambayo bei yake serikali iliishusha mwaka 2020 kutoka dola 185 hadi 99, na hata kwa bei iliyoshuka, kwa watu sita ni mavuno ya zaidi ya msimu mmoja. Chini kabisa ameandika “shule” na kuweka alama ya kuuliza, kwa kuwa watoto waliozoea Kiswahili na Kifaransa watakuta huko mwalimu wa Kiingereza. Upande wa kulia, penye majina ya walioahidi, palikuwa karibu peupe. Nilimwuliza kama anaogopa. Akajibu, “Baba, Mungu ametuita, hilo silihesabu. Nahesabu sufuria.”

Wazee wa kanisa watakutana Jumamosi. Nawasihi daftari hilo liwekwe mezani kabla ya sala ya kufungua, na mbele ya kila mstari liandikwe jina la atakayelipa na siku ya kulipa; kisha wafungue ukurasa mwingine kwa ajili ya mwaka wa pili, ambao ndio huwavunja wasafiri, na wa kwanza kuulizwa juu ya ukurasa huo awe mama mwenyewe. Habari za kanisa la mawe la Niamkolo, ambalo magofu yake yapo karibu na hapo Mpulungu watakapokaa, nitazieleza katika makala ijayo.